Kutoka Ngomeni hadi kwenye pulsa inayolipuka

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka 7 tangu ijitawale, roketi ya Scout iliruka kutoka San Marco, jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini kwa miguu ya chuma karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Ilibeba setilaiti ya kilo 140 hivi. Marjorie Townsend, Mmarekani aliyesimamia mradi huo, aliiita Uhuru kwa heshima ya siku hiyo na ya wenyeji wake. Pulsa za eksirei ziligunduliwa na chombo hicho, na kila mtoto wa pwani anastahili kulijua hilo.

Eksirei za angani hazifiki ardhini, kwani angahewa huzizuia. Anayezitaka hana budi kuzifuata juu. Ngomeni ilifaa kwa sababu iko karibu na ikweta: mzunguko wa dunia huisukuma roketi, na setilaiti inayopita juu ya ikweta huepukana na sehemu kubwa ya mionzi inayovuruga vipimo.

Uhuru haikupiga picha. Ilijizungusha polepole, mara moja kwa dakika 12, na karibu kila sehemu ya kumi ya sekunde iliandika idadi ya chembe za eksirei zilizoingia. Mwaka 1971, timu ya Uhuru, chini ya Riccardo Giacconi, ilipopitia hesabu za chanzo cha eksirei kiitwacho Centaurus X-3, iliziona zikipanda na kushuka kila sekunde 4.8, bila kukosea. Kilichokuwa kikizunguka ni nyota ya nutroni: mabaki ya nyota iliyokufa, yenye uzito unaolishinda jua letu, lakini upana wake ni kilomita 20 tu hivi. Huivuta gesi ya nyota jirani, na usumaku wake huielekeza gesi hiyo kwenye ncha zake, ambako huwaka kwa joto la mamilioni ya digrii. Kila nyota inapozunguka, mwanga wa ncha hizo hutupitia: hayo ndiyo mapigo ya pulsa.

Mei 1975 setilaiti nyingine, SAS-3, iliruka kutoka jukwaa lile lile. Mwaka uliofuata ilinasa nyota iliyolipuka mfululizo, wakati mwingine mara nyingi ndani ya dakika chache. Baada ya mlipuko mkubwa ilikaa kimya muda mrefu; baada ya mdogo, muda mfupi. Wanaastronomia walielewa kwamba gesi hujikusanya nje ya nyota, kisha huporomoka kwa mikupuo. Milipuko ya aina nyingine, iliyoonwa kwanza na setilaiti ya Uholanzi, hutokana na heliamu inayorundikana juu ya nyota hadi ikaungua yote kwa sekunde chache.

Kwa miaka mingi walioichunguza anga waliziona pulsa na nyota zinazolipuka kama koo mbili zisizooana: zenye usumaku mkali hupiga mapigo, zenye usumaku hafifu hulipuka. Tarehe 2 Desemba 1995 mgawanyo huo ulivunjika. Vipokezi vya BATSE, kwenye chombo cha angani cha Compton, vilinasa nyota ya nutroni iitwayo GRO J1744-28 upande wa kitovu cha galaksi yetu. Ilizunguka zaidi ya mara 2 kwa sekunde, na papo hapo ikalipuka, mwanzoni karibu mara 20 kwa saa. Haikuwahi kuonekana nyota ifanyayo yote mawili kwa namna hiyo. Bahati nzuri ilikuwa kwamba setilaiti ya Rossi, iliyotengenezwa mahsusi kwa kupima mabadiliko ya haraka ya eksirei, ilirushwa tarehe 30 ya mwezi huo huo na kuikuta bado inawaka.

Jukwaa la Ngomeni lilirusha roketi yake ya mwisho mwaka 1988, ila kituo chake cha ardhini hakikufungwa. Setilaiti ya BeppoSAX ya Waitaliano na Waholanzi, iliyorushwa mwaka 1996, iliteremsha takwimu zake kwenye antena za kituo hicho cha Malindi. Mwaka huo huo iliona milipuko ya nyota nyingine ya nutroni, SAX J1808.4-3658, na mwaka 1998 Rossi ikabainisha kwamba nayo ni pulsa, inayozunguka mara 401 kwa sekunde. GRO J1744-28 ilipoamka tena mwaka 2014, miongoni mwa vyombo vilivyoielekea ilikuwa setilaiti ya Swift, ambayo nayo huteremsha takwimu zake Malindi.