Korija

Boriti za mikoko Lamu huuzwa kwa korija, na korija moja ni boriti 20. Nalipenda neno hili kwa sababu limebeba hesabu ya sakafu nzima ya ghorofa. Chukua chumba cha urefu wa mita 6. Fundi akipanga boriti kila sentimita 30, anapata nafasi 20, lakini boriti ni 21: ile ya kwanza, iliyolala ubavuni mwa ukuta, ndiyo husahaulika. Basi agiza korija na moja. Upana wa chumba huamuliwa na urefu wa mti wenyewe. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za mawe ni vyembamba. Siku hizi nasikia vijana wakisema “ishirini” tu, na inaniuma.