Mizunguko ya njia: hisabati ya reli na misafara ya Tabora

MTEMI Mirambo alipoifunga njia ya misafara kati ya Tabora na Ujiji mwaka 1871, Henry Morton Stanley, aliyekuwa akimtafuta Dk. David Livingstone, hakurudi pwani. Septemba mwaka huo aliondoka Tabora akizungukia upande wa kusini, na Novemba akaingia Ujiji.

Kilichomwezesha kufika ndicho wanahisabati wanachokiita mzunguko. Katika nadharia ya grafu, miji huchorwa kama nukta na njia kama mistari inayoziunganisha. Mzunguko ni safari inayoanzia nukta moja na kurejea hapo hapo bila kupita mstari wowote, wala nukta nyingine yoyote, mara mbili. Njia ya kawaida ya Ujiji na ile ya kusini zilifanya mzunguko wa namna hiyo. Upande mmoja ulipofungwa, ulibaki wa pili.

Reli haikurithi sifa hiyo. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tawi la Mwanza lilikamilika mwaka 1928, na baadaye likajengwa tawi la Mpanda kutoka Kaliua. Ukihesabu Dar es Salaam, Tabora, Mwanza, Kaliua, Kigoma na Mpanda, unapata nukta 6 na mistari 5. Mtandao ulioungana ambao mistari yake imepungua nukta kwa 1 hauna mzunguko hata mmoja, na huitwa mti.

Kanuni yake ni hii: mstari usio sehemu ya mzunguko ukikatika, mtandao hugawanyika vipande viwili. Ndivyo ilivyokuwa mafuriko yalipobomoa reli kati ya Kilosa na Gulwe mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010. Treni za Dar es Salaam hazikuwa na reli nyingine ya kufika Tabora.

Ukiongeza mstari 1 kwenye mti, unapata mzunguko 1. Reli ya kisasa (SGR), iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, imeongeza mstari wa namna hiyo. Abiria anaweza kubadili treni, lakini behewa la reli ya zamani haliwezi kupita katika reli mpya, kwa kuwa upana wa reli hizo hautofanani. Kwa behewa hilo, mtandao ungali mti.