Saint-Paul: Mlima Uliofunguliwa na Bahari

Kusini mwa Bahari ya Hindi, baina ya Afrika na Australia, kipo kisiwa kiitwacho Saint-Paul. Ni milki ya Ufaransa, hakina wakaazi wa kudumu, na eneo lake ni kilomita za mraba 8 hivi. Sisi wa visiwani tumezoea kisiwa kuwa nchi iliyozungukwa na maji. Huko maji yameingia hadi moyoni mwa nchi.

Saint-Paul ni kilele cha volkeno iliyoinuka kutoka sakafu ya bahari, karibu na ufa ambapo mabamba ya ganda la dunia yanaachana. Lava ilijijenga tabaka juu ya tabaka, kisha ubavu wa mashariki ukaporomoka baharini. Imesalia nusu ya mlima, na katikati yake kaldera ndogo yenye upana wa kilomita moja hivi, iliyozungukwa na kuta za zaidi ya mita 200. Mawimbi yaliutafuna ukingo uliobaki hadi yakapata mlango. Mlangoni kina hakizidi mita chache; ndani kinapita mita 50. Kandokando hububujika chemchemi za maji moto. Wajumbe wa Uingereza waliopita mwaka 1793 wakielekea China walisimulia kwamba samaki aliyevuliwa bwawani aliweza kupikwa humo, hatua chache tu kutoka alipovuliwa.

Bandari hii, basi, ni jeraha la mlima, na ndilo lililowavuta wanadamu. Mwaka 1857 meli ya Austria, Novara, ilimleta mwanajiolojia Ferdinand von Hochstetter. Mwaka 1871 meli ya Uingereza, Megaera, ikivuja vibaya, ilipandishwa ufukweni kwa makusudi, na watu wapatao 400 wakajihifadhi kisiwani hadi walipookolewa. Mwaka 1874 Wafaransa walikuja kutazama sayari ya Zuhura ikipita mbele ya jua. Pamoja nao alikuwapo Charles Vélain, aliyeichunguza miamba kwa makini.

Lakini mlango si ukarimu. Mwaka 1930 kampuni ya Kifaransa ya kusindika kamba koche iliwaacha watu saba walinde kiwanda kilichojengwa kando ya kaldera, kwa ahadi ya kufuatwa baada ya miezi michache. Mmoja wao alikuwa Mmalagasi. Mwingine mwanamke mjamzito, ambaye mtoto wake alizaliwa hapo na kufa hapo. Meli ilichelewa hadi Desemba. Kiseyeye kiliua, bahari ikamchukua mmoja, wakabaki watatu. Mwaka uliofuata beriberi iliwaua wafanyakazi wengi waliotoka Madagascar.

Tusiulaumu mlima. Jiwe halikuahidi kitu; aliyeahidi ni mwenye meli. Leo kiwanda ni magofu, ndege wa baharini wanataga katika miteremko, na bahari ingali inaumega ukingo ule ule. Majina ya waliokufa yasimomonyoke pamoja nao.