Kizuizini bila kesi: Jinsi mahakama za India zinavyopima amri dhidi ya watuhumiwa wa dawa za kulevya

Na Mwandishi Wetu

NCHINI India, mtu anayeshukiwa kufanya biashara ya dawa za kulevya anaweza kukaa kizuizini mwaka mzima bila kusomewa shtaka, bila shahidi kuitwa na bila hakimu kutoa hukumu.

Anayeamua si mahakama. Ni ofisa wa serikali, anayetia saini amri baada ya kuridhika kwamba mtu huyo, akiachwa huru, ataendelea na biashara hiyo haramu.

Utaratibu huo unaruhusiwa na Katiba ya nchi hiyo. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka 30 sasa umekuwa ukipingwa mahakamani, na mara nyingi amri hizo zimefutwa. Makala haya yanaeleza sheria yenyewe, sababu zinazotumiwa na wanasheria kuipinga, na mambo ambayo majaji huyaangalia kabla ya kuamuru mtu aachiwe.

Sheria mbili, njia mbili

India ina sheria mbili kuu kuhusu dawa za kulevya. Ya kwanza ni ya mwaka 1985, inayoainisha makosa na adhabu. Anayepatikana na hatia kwa kiwango kikubwa cha dawa hizo, kile ambacho sheria inakiita cha kibiashara, hufungwa kati ya miaka 10 na 20.

Ya pili ni ya mwaka 1988, iliyotungwa mahsusi kwa ajili ya kuzuia biashara hiyo kabla haijatendeka. Hii haihusiki na adhabu. Inaipa Serikali Kuu, serikali za majimbo na maofisa waandamizi walioidhinishwa rasmi uwezo wa kumweka mtu kizuizini ili asifanye kosa siku za usoni.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha mgogoro. Katika kesi ya jinai, upande wa mashtaka hutakiwa kuthibitisha kosa pasipo kuacha shaka yoyote. Katika amri ya kizuizini hakuna kosa linalothibitishwa. Kuna hofu tu kwamba litatendeka, na hofu hiyo ni ya ofisa aliyetia saini.

Kwa kawaida muda wa kizuizi hauzidi mwaka mmoja. Lakini kwa maeneo ambayo sheria inayahesabu kuwa rahisi zaidi kupitishwa dawa, yakiwamo ya mipakani, unaweza kufika miaka miwili.

Katiba inasemaje

Katiba ya India, iliyoanza kutumika mwaka 1950, inamlinda kila anayekamatwa. Ibara ya 22 inataka aelezwe sababu ya kukamatwa, aruhusiwe kumwona wakili, na afikishwe mbele ya hakimu katika muda wa saa 24.

Ibara hiyo hiyo inaondoa haki hizo kwa mtu aliyewekwa kizuizini chini ya sheria za kuzuia uhalifu, na badala yake inaweka kinga nyingine.

Kwanza, hakuna anayeweza kuzuiwa zaidi ya miezi mitatu mpaka Bodi ya Ushauri iseme kwamba sababu zipo. Bodi hiyo huundwa na watu ambao ni majaji wa Mahakama Kuu, waliowahi kuwa majaji, au wenye sifa za kuwa majaji. Bunge, hata hivyo, limepewa uwezo wa kuweka hali ambazo muda huo unaweza kupitwa bila bodi kusikilizwa.

Pili, aliyezuiwa lazima apewe sababu za kuzuiwa kwake mapema iwezekanavyo. Sheria ya mwaka 1988 imetaja muda kamili: siku tano kwa kawaida, na zisizidi 15 pale panapokuwa na hali isiyo ya kawaida, ambayo ni lazima iandikwe.

Tatu, lazima apewe nafasi ya kujitetea kwa maandishi mapema iwezekanavyo. Aidha, serikali inatakiwa kupeleka suala lake mbele ya bodi ndani ya wiki tano, na bodi itoe taarifa yake ndani ya wiki 11 tangu siku ya kuzuiwa.

Mbele ya bodi hiyo, aliyezuiwa hana haki ya kuwakilishwa na wakili. Mwaka 1981 Mahakama ya Juu ilikubali kwamba hilo halivunji Katiba, lakini ikaongeza sharti: iwapo serikali itawakilishwa na mwanasheria, basi aliyezuiwa naye aruhusiwe kuwa na wake.

Mahakama inapima nini

Mlango ulio wazi kwa aliyezuiwa ni kuomba Mahakama Kuu ya jimbo au Mahakama ya Juu iamuru afikishwe mbele yake na serikali ieleze uhalali wa kumshikilia. Ombi hilo linaweza kupelekwa na ndugu, na katika mashauri mengi ni mke, mama au kaka ndiye anayejitokeza.

Uhalali wa sheria zenyewe umekwisha kupimwa. Mwaka 1950, katika shauri la mwanasiasa wa chama cha Kikomunisti, A.K. Gopalan, Mahakama ya Juu ilikubali sheria ya kizuizini ya wakati huo, isipokuwa kifungu kilichokataza sababu za kuzuiwa kutajwa mahakamani. Mwaka 1994 jopo la majaji tisa lilikubali sheria dada ya mwaka 1974, inayowahusu wanaoingiza na kutoa bidhaa kwa magendo.

Kwa hiyo mapambano ya leo hayako kwenye sheria bali kwenye kila amri moja moja. Majaji hawaulizi kama mtu huyo kweli ni mfanyabiashara wa heroini. Wanauliza kama ofisa alifuata kila hatua, kama alisoma nyaraka zote muhimu, na kama aliitumia akili yake mwenyewe badala ya kunakili alichoandikiwa na polisi.

Katika hilo mahakama zimekuwa kali. Kwa kuwa hakuna kesi inayosikilizwa, zinasema utaratibu ndio kinga pekee aliyobaki nayo mtu huyo. Hatua moja ya lazima ikirukwa, amri yote huanguka.

Mfano ni hukumu ya mwaka 1995 ya majaji watano, iliyozihusu kwa pamoja sheria ya mwaka 1974 na ile ya dawa za kulevya ya mwaka 1988. Mahakama ilisema kwamba amri ikitolewa na ofisa aliyeidhinishwa, aliyezuiwa ana haki ya kupeleka utetezi wake kwa ofisa huyo huyo, na ni lazima aelezwe kwamba ana haki hiyo. Kutoambiwa tu kunatosha kuifanya amri kuwa batili.

Aliyeko rumande tayari

Swali linalojitokeza mara kwa mara ni hili: kwa nini mtu ambaye tayari yuko rumande kwa kesi ya jinai atolewe amri ya kizuizini, ilhali kuta za gereza zimekwisha kumzuia?

Mwaka 1974 Mahakama ya Juu ilisema kwamba kuwapo kwa kesi ya jinai peke yake hakuzuii amri hiyo kutolewa. Lakini mwaka 1990, katika shauri lililohusu sheria ya dawa za kulevya, iliweka masharti mawili.

Ofisa lazima aonyeshe kwamba alijua mtu huyo yuko rumande. Pia lazima awe na ushahidi wa kutosha kwamba anakaribia kuachiwa, na kwamba akiachiwa atarudia biashara ile ile. Katika shauri hilo masharti hayakutimizwa, na amri ikafutwa.

Tripura: dhamana iliyofichwa

Hukumu iliyozungumzwa sana katika miaka ya karibuni ilitolewa Septemba 30, 2022, ikihusu mkazi mmoja wa jimbo la Tripura, kaskazini mashariki mwa India.

Polisi walipendekeza azuiwe Juni 2021, lakini amri ikatolewa Novemba mwaka huo. Mahakama ya Juu iliuliza: kama kweli mtu huyu ni hatari kiasi cha kumnyima uhuru bila kesi, ilikuwaje serikali ikae takriban miezi mitano bila kumzuia? Ucheleweshaji usio na maelezo, ilisema, hukata uhusiano kati ya hofu inayotajwa na lengo la amri.

Kasoro ya pili ilikuwa kubwa zaidi. Amri ilitegemea kesi mbili za nyuma dhidi yake, lakini haikugusia kwamba katika zote mbili alikuwa amepewa dhamana.

Hilo si jambo dogo. Kwa makosa mazito ya dawa za kulevya nchini India, mahakama haiwezi kutoa dhamana mpaka iridhike kwamba kuna sababu za kuamini kuwa mshtakiwa hana hatia na kwamba hataelekea kutenda kosa akiwa nje. Ofisa aliyekuwa akiamua kama mtu huyo ataendelea na uhalifu alipaswa kujua kwamba mahakama ilikwisha kulitazama jambo hilo. Amri ilifutwa.

Nagaland: sababu kwa lugha asiyoielewa

Machi 5, 2025, Mahakama ya Juu ilifuta amri dhidi ya mume na mke waliozuiwa katika jimbo la Nagaland baada ya kukamatwa kwa tuhuma za heroini.

Nyaraka walizokabidhiwa zilikuwa za Kiingereza, lugha ambayo hawakuielewa. Serikali ilijibu kwamba walielezwa kwa mdomo kwa Kinagamese, lugha inayotumika sana jimboni humo. Mahakama ilikataa maelezo hayo na kurejea msimamo wake wa mwaka 1962, kwamba tafsiri ya mdomo haitoshi. Mtu hawezi kuandika utetezi dhidi ya karatasi asiyoweza kuisoma.

Vilevile ilibainika kwamba ofisa hakuandaa sababu zake mwenyewe bali aliegemea mapendekezo ya polisi, na kwamba hofu ya wawili hao kuachiwa kwa dhamana haikuwa na msingi.

Hoja za pande mbili

Wanaoutetea utaratibu huu wanasema biashara ya dawa za kulevya haifanani na wizi wa kuku. Anayekamatwa na mzigo mara nyingi ni mbebaji, wakati mwenye mali hagusi hata gramu moja. Mashahidi huogopa, na mtandao huendelea kufanya kazi kesi ikiwa bado mahakamani.

Wanaopinga wanajibu kwamba kizuizi kimegeuzwa njia ya mkato pale upelelezi unapokuwa dhaifu, au pale mahakama inapotoa dhamana ambayo polisi hawakuipenda. Wanaongeza kwamba hata ushindi huja umechelewa: ombi likichukua miezi kadhaa kusikilizwa, sehemu kubwa ya mwaka huwa imekwisha kupita.

Ikumbukwe kwamba kufutwa kwa amri hakufuti kesi ya jinai. Mtu anaweza kushinda dhidi ya kizuizi, kisha akaendelea kusimama kizimbani kwa shtaka la dawa hizo hizo.

Jaribio la kupunguza makali ya utaratibu huu lilifanyika mwaka 1978, Bunge la India lilipopitisha mabadiliko ya 44 ya Katiba yaliyotaka miezi mitatu iwe miwili. Sehemu hiyo haijawahi kuanza kutumika.

Na hapa kwetu?

Suala hili lina uhusiano na pwani ya Afrika Mashariki. Heroini ya Afghanistan inayopakiwa katika ufukwe wa Makran, ulioko Iran na Pakistan, husafirishwa kwa majahazi kuelekea India na Sri Lanka, na pia Tanzania, Kenya na Msumbiji.

Tanzania nayo ilitunga Sheria ya Kuwaweka Watu Kizuizini mwaka 1962, inayompa Rais uwezo huo. Tume ya Jaji Francis Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991, iliiweka miongoni mwa sheria 40 ilizoona zinakandamiza.

Lakini kwa mtuhumiwa wa dawa za kulevya wa Dar es Salaam, kikwazo kikubwa ni kingine: kosa lisilo na dhamana. Mei 2020 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu kinachoorodhesha makosa hayo, usafirishaji wa dawa za kulevya ukiwamo, kinakiuka Katiba. Agosti 5 mwaka huo Mahakama ya Rufani ilitengua uamuzi huo, na kifungu kikabaki.

Tofauti ni kwamba wa Tanzania ameshitakiwa na anajua kosa analodaiwa kutenda, ingawa anaweza kusubiri muda mrefu. Wa India aliyeko kizuizini anajibu juu ya jambo ambalo bado halijatendeka. Wote wawili wanalala nyuma ya mlango uliofungwa kabla ya hukumu, na ndiyo sababu majaji wa Delhi wanahesabu siku, wanasoma tarehe na kuuliza karatasi iliandikwa kwa lugha gani.