Western Jazz: Bendi ya Bara Iliyozaliwa Dar es Salaam

Historia ya muziki wa dansi nchini Tanzania husimuliwa kana kwamba ilianzia na kuishia Dar es Salaam, watu wa bara wakiwa wasikilizaji tu wa redio. Western Jazz inaipinga simulizi hiyo. Mwasisi wake, Iddi Nhende, alitoka Nzega. Alipoiunda bendi mwaka 1959 aliipa jina la upande aliotoka, yaani lile Jimbo la Magharibi la enzi za mkoloni ambalo Nzega ilikuwa ndani yake. Vyombo vya kuanzia alivinunua kwa Dar es Salaam Jazz, bendi kongwe iliyokuwapo tangu miaka ya 1930. Jiji, basi, lilimuuzia magitaa yaliyokwisha kupigwa. Shauri la kuyapiga upya lilikuwa lake.

Atatokea wa kuuliza: umagharibi wenyewe uko wapi, ikiwa walipiga rumba iliyotoka Cuba na Kongo, tena wakaimba Kiswahili badala ya Kinyamwezi? Swali ni la haki. Ila kwa kipimo hicho hata Dar es Salaam Jazz haikuwa ya Dar es Salaam. Santuri za Kicuba hazikukomea pwani: reli ilifika Tabora mwaka 1912, na tawi la kwenda Mwanza, linalopita Isaka, likakamilika mwaka 1928. Tabora ilikuwa na Kiko Kids ya Salum Zahoro kabla Western haijazaliwa. Kijana wa Unyamwezi hakuhitaji kushuka pwani ndipo ajue dansi. Na njia ya kushukia, wapagazi wa kwao walikuwa wameikanyaga tangu karne ya 19. Kiswahili nacho ndicho kilichoifanya bendi ya watu wa Nzega isikike kwa Mzaramo na Mchaga.

Watu waliotoka kwingine kung’ara katika muziki si ajabu ya hapa peke yake. Mwaka 1966 vijana wa familia za Kimexico zilizohamia Michigan kutafuta kazi, waliounda bendi iitwayo ? and the Mysterians, walishika nafasi ya kwanza Marekani kwa “96 Tears”. Wao, hata hivyo, hawakujitangaza kwa asili yao; Nhende aliitangaza tangu siku ya kwanza.

Gitaa la solo la mwanabendi Rashid Hanzuruni na mtindo wa bendi, Saboso, viliisimamisha Western mbele ya NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Kwa bendi isiyo na chama wala wizara nyuma yake, hilo kwangu ni kubwa kuliko umaarufu wa wimbo wowote mmoja.