Ripoti ya ziara ya mahali pa ujenzi: Mfano wa Bwawa la Thwake

RIPOTI ni taarifa rasmi inayoeleza jambo lililochunguzwa, namna lilivyochunguzwa na hatua zinazofaa kuchukuliwa. Anayezuru mahali pa ujenzi huwaandikia watu ambao hawakuwapo. Kwa hivyo, hana budi kutenganisha aliyoyaona, aliyoambiwa na aliyoyasoma katika hati.

Tuchukue mfano wa Bwawa la Thwake, lililo mpakani mwa kaunti za Makueni na Kitui, mito ya Athi na Thwake inapokutana. Ujenzi ulianza mwaka wa 2018 kwa fedha za Serikali ya Kenya na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Bwawa lilisanifiwa kuwa na ukuta wa kimo cha takriban mita 80 na kuhifadhi zaidi ya mita za ujazo milioni 680 za maji. Awamu ya kwanza ilitarajiwa kukamilika mwaka wa 2022, lakini muda huo ulipita kazi ikiendelea.

Ripoti ya ziara kama hii huwa na sehemu zifuatazo:

Anwani: Hutaja mradi, mahali na tarehe ya ziara.

Utangulizi: Hueleza aliyeagiza ziara, madhumuni yake na hadidu za rejea.

Utaratibu: Hubainisha sehemu zilizokaguliwa, waliohojiwa na hati zilizosomwa.

Matokeo: Kusema "kazi inaendelea vyema" hakutoshi. Taja kimo kilichofikiwa na aliyekipima. Ukielezwa asilimia, uliza kama ni ya kazi iliyofanywa, ya fedha zilizolipwa au ya muda uliopita. Usiishie ndani ya ua la mwanakandarasi. Wahoji pia wakazi waliohamishwa kuhusu fidia. Vilevile chunguza ubora wa maji, kwani Mto Athi hupokea maji ya Mto Nairobi yenye taka za jiji. Ukuta waweza kukamilika na maji yasifae kunywewa.

Hitimisho na mapendekezo: Kila pendekezo litokane na matokeo, litaje afisi inayohusika na muda wa utekelezaji.

Mwisho huwekwa jina, cheo, sahihi na tarehe.

Ukambani ni eneo linalokumbwa na ukame mara kwa mara. Ripoti inayoficha ucheleweshaji humfanya mkulima apange msimu wake kwa kutegemea maji ambayo hayajafika.