Wenyewe wa Mvita

Msomaji wangu, yamkini umewahi kwenda Mombasa. Na kama hukujaliwa kwenda, hapana shaka umesikia habari zake kwa waliokwenda. Kila mwaka shule zifungapo, mabasi na magari ya moshi hushuka kutoka bara yamejaa watu wanaoifuata bahari. Huja kwa ajili ya jua, mchanga mweupe, madafu, na upepo wa jioni. Sina neno nao, maana bahari ni neema, na mtu aliyekulia mlimani ana haki ya kuichezea. Lakini wengi wao hukaa siku tatu nne, wakarudi makwao, na ukiwauliza wameona nini watakutajia pembe, ngome na ufuo. Mimi nataka nikupitishe mumo humo wapitamo wao, ila twende polepole zaidi.

Tuanze na pembe, kwa kuwa ndizo zinazopigwa picha kuliko kitu kingine chochote mjini. Zimepiga matao juu ya Barabara ya Moi, pembe nne, hata mtu akizitazama kwa mbali huona zimeandika herufi M. Hazikutoka katika kinywa cha ndovu, bali zimefuliwa kwa alumini. Zilisimamishwa mwaka 1952 kwa ajili ya ziara ya Princess Elizabeth wa Uingereza. Mgeni huyo alikuwa Nyeri tarehe 6 Februari mwaka huo, baba yake, Mfalme George wa Sita, alipofariki, na ziara ikakatizwa ili arudi kwao kushika ufalme. Hivyo alama ya Mombasa inayojulikana mbali kuliko zote ni pambo la ziara isiyokwisha. Jipige picha, usione haya. Mimi mwenyewe ninayo. Kisha tushuke Ngomeni.

Mwaka mmoja niliwapeleka Fort Jesus wanafunzi wangu wa chuo cha ualimu. Tulizunguka kuta zake saa nzima, nami nikieleza kwa sauti kubwa kama desturi yetu walimu ilivyo. Kijana mmoja, ambaye darasani alikuwa hasemi ila akiulizwa, akanivuta kando akaniambia, "Mwalimu, tumeonyeshwa Wareno, tumeonyeshwa Waarabu, tumeonyeshwa Waingereza. Wenyewe wako wapi?" Nilimjibu kwa haraka kuwa hao tutawaona mbele. Hatukuwaona. Tulipanda basi tukarudi, na swali lile likarudi pamoja nami, na safari hii ninayokuchukua, msomaji, ndiyo jibu langu lililochelewa.

Mombasa ilikuwa mji kabla ya kuwapo ngome. Ibn Battuta, msafiri mashuhuri wa Moroko, alilala hapa usiku mmoja mwaka 1331. Aliandika kuwa watu wake ni wachaji na wema, chakula chao ni ndizi na samaki, nafaka wanaletewa kutoka nje ya kisiwa, na misikiti yao ni ya mbao, imejengwa kwa ustadi. Mlangoni pa kila msikiti aliona kisima kifupi. Mtu huteka maji kwa chombo cha mti, hunawa miguu, akaipangusa katika mkeka, ndipo akaingia. Habari hii ya miguu naipenda sana. Wafalme na vita vimeandikwa tele, lakini ni nadra kuona mtu wa zamani zile akipangusa miguu.

Ukitaka kujua mji huo ulikuwa wapi, usiende Ngomeni, bali nenda kaskazini ya Mji wa Kale wa leo, kwenye uwanja wa hospitali kuu ya serikali. Katika miaka ya 1970 mtaalamu wa mambo ya kale, Hamo Sassoon, alichimba hapo akakuta mabaki ya makazi ya watu tangu yapata mwaka 1000. Juu ya ardhi hakuna cha kuonyeshwa. Wagonjwa huketi wakingoja zamu zao juu ya mji wa Ibn Battuta.

Umekwenda wapi mji huo? Umechomwa, wala si mara moja. Mwezi wa Agosti 1505 Francisco de Almeida alikuja na merikebu zake. Watu wa Mombasa hawakukaa wakingoja kuchinjwa. Walikuwa na mizinga walioiokoa katika meli ya Kireno iliyoharibika pwani hii, wakawapiga Wareno kwa silaha za Wareno wenyewe. Na adui alipoingia mjini walimtupia mawe kutoka juu ya dari katika vichochoro vyembamba. Hata hivyo mji ulitekwa, ukaporwa, ukatiwa moto. Baadaye Sultani wa Mombasa alimwandikia mwenziwe wa Malindi barua, akimsimulia alivyorudi akakuta hapana kilichobaki hai na akimwonya ajihadhari. Barua hiyo imetufikia kwa kuwa Wareno waliinakili. Angalia jambo hili, msomaji: sauti ya mwenyeji imehifadhiwa na mkono uliomchomea nyumba. Mwaka 1528 Nuno da Cunha akaja akauteka mji tena, akauteketeza kabla ya kuuacha.

Kisha ukaja mwaka 1589, mwaka mbaya kuliko hiyo. Kwa upande wa bahari walikuja Wareno kumtoa Amir Ali Bey, nahodha wa Kituruki aliyekuwa amekaribishwa kisiwani. Kwa upande wa bara walikuja Wazimba, watu wa vita waliotoka kusini, wakapiga kambi ng'ambo ya kivuko. Mji ulikamatwa katikati kama nazi katika mbuzi. Wazimba wakavuka wakaua. Na walipoendelea mpaka Malindi, Wasegeju wakawashinda huko, kisha wakaishukia Mombasa iliyokwisha kuumia, wakaichukua na kumpa rafiki yao, Sultani wa Malindi. Naye alikuwa pia rafiki wa Wareno tangu siku za Vasco da Gama, mwaka 1498.

Hapo sasa ndipo ngome inapoingia. Jiwe la kwanza liliwekwa tarehe 11 Aprili 1593. Ramani yake ilichorwa na Giovanni Battista Cairati, Mtaliano wa Milan aliyekuwa akiwatumikia Wareno, na ukiitazama kutoka juu ina umbo la mtu aliyelala chali. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe, yaani mwili wa kisiwa chenyewe, na waliotumika kuibeba mizigo yake ni watu wa pwani hii. Basi mtu aulizapo wenyewe wako wapi, aanze kwa kuugusa ukuta.

Lakini kuna mwenyewe mmoja mwenye jina, na habari zake nataka tuzikalie kidogo. Sultani Hasan bin Ahmed aligombana na nahodha Mreno wa ngome, akakimbilia bara, na huko akauawa mwaka 1614. Mwanawe, Yusuf, alikuwa mtoto mdogo. Wareno wakamchukua mpaka Goa, Bara Hindi, akalelewa na mapadre, akabatizwa, akaitwa Dom Jerónimo Chingulia. Mwaka 1626 walimrudisha Mombasa awe mfalme, nao wakadhani wamepata mtu wao. Mfalme huyo alikuwa Mkristo katika mji wa Waislamu, anaamriwa na mwenye ngome, na watu wake mwenyewe wanamtazama kwa mashaka. Mnamo Agosti 1631 akaingia ngomeni pamoja na watu wake, akamwua nahodha kwa mkono wake, akarudi katika Uislamu na kuitwa tena Yusuf bin Hasan. Waliokataa kumfuata katika dini, Wareno na Wakristo Waafrika, wanaume kwa wanawake, waliuawa. Sikufichi jambo hili, wala usikubali kufichwa na yeyote atakayekuambia Yusuf alikuwa shujaa mtupu au mwovu mtupu. Wareno walileta meli na askari mwaka 1632 kuitwaa ngome, wakashindwa. Miezi michache baadaye Yusuf aliiharibu kadiri alivyoweza, akapakia mizinga katika meli, akaondoka. Aliishi baharini akiwashambulia Wareno, akafa mwaka 1638.

Ukipita lango la ngome, inua macho. Pana jiwe la mwaka 1635 lenye maandishi ya Kireno, ambamo nahodha Francisco de Seixas de Cabreira, kijana wa miaka 27, anajisifu kwa kuitengeneza ngome na kuwatiisha watu wa pwani walioasi pamoja na mfalme wao. Wageni wengi hupita chini yake wakitafuta kivuli. Lile ndilo jibu la Wareno kwa Yusuf; la Yusuf mwenyewe halikuandikwa juu ya lango lolote.

Ndani, katika chumba cha maonyesho, utaona ukuta ambao askari wa Kireno waliuchora meli, samaki na mambo mengine kwa makaa na udongo mwekundu. Naona huruma kila niutazamapo. Ni kazi ya vijana waliochoshwa na zamu, walio mbali na kwao.

Tarehe 13 Machi 1696 Waomani waliizingira ngome, wakitumwa na Imamu Saif bin Sultan. Mazingira hayo yalidumu miezi 33. Vitabu vingi husema Wareno na Waarabu walipigana, basi. Lakini waliomo ndani ya kuta wengi walikuwa Waswahili na Waafrika wengine, waume, wake na watoto, na tauni iliwamaliza pamoja na njaa. Mwaka 1697, nahodha Mreno alipokufa, aliyeshika amri ya ngome alikuwa Mswahili, Bwana Daud wa Faza, akailinda na watu wake mpaka msaada ulipofika kutoka Goa. Miongoni mwa meli za msaada huo ni Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya ngome mwezi wa Oktoba mwaka huo huo. Vitu vilivyotolewa humo kati ya 1977 na 1980 utaviona katika jumba la makumbusho. Na nje ya kuta, pamoja na Waomani, walikuwapo Waswahili vilevile. Kijana wangu aliuliza wenyewe wako wapi kama kwamba wote wangesimama upande mmoja. Hawakusimama upande mmoja, wala nasi leo hatusimami. Ngome ilianguka tarehe 13 Desemba 1698, na meli nyingine za msaada zilifika siku chache tu baadaye, zikaona bendera ya Oman ikipepea, zikageuza.

Baada ya hapo walitawala Mazrui, hata wakajitenga na Oman, mpaka Seyyid Said alipowashinda mwaka 1837. Zama zao ndizo zama za Muyaka bin Haji, mshairi wa Mvita, ambaye tungo zake utazisoma kwa mwalimu wako wa Kiswahili, nami sitamwingilia kazi. Tangu mwaka 1895 Waingereza waliifanya ngome kuwa jela mpaka mwaka 1958. Makumbusho ikafunguliwa mwaka 1960, na mwaka 2011 ngome ikaingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Wataalamu wa lugha husema neno letu gereza limetokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Jinsi nyumba ya sala ilivyopata kuwa jina la nyumba ya wafungwa, ngome za pwani zinaweza kukueleza.

Toka sasa uingie Ndia Kuu, na usiirekebishe ikawa Njia Kuu, maana hapo uko kwa Wamvita. Tembea asubuhi kabla jua halijawa kali. Tazama milango iliyonakshiwa, na baraza za juu za mbao zinazoning'inia juu ya njia, kazi za mafundi wa karne ya kumi na tisa na mwanzo wa ishirini. Utaufikia msikiti wa Mandhry, unaosemwa kuwa ulijengwa mwaka 1570, mkongwe kuliko yote inayosaliwa mjini. Mtaa huu hauna lango wala tiketi, maana watu wanakaa humo. Kwa sababu hiyo pia unaharibika upesi kuliko ngome. Mbao huoza kwa hewa ya chumvi, kuitengeneza baraza moja ni gharama kubwa, na mwenye nyumba ana watoto wa kusomesha. Mwaka huu unaona mlango. Mwaka ujao umeuzwa, pahali pake pana chuma. Ngome ililindwa na serikali tatu kwa sababu ilijengwa na watawala. Nyumba za Ndia Kuu zinalindwa na wajukuu, kadiri mifuko yao inavyowaruhusu.

Ukivuka daraja la Nyali, pita Kengeleni uione kengele ya Frere Town, mji wa watumwa waliokombolewa, ulioanzishwa na wamisheni wa Kiingereza yapata mwaka 1875. Jina la mahali limetokana na kengele hiyo. Wengi huipita mbio wakienda pwani.

Mwisho nakusihi uende Mbaraki, kusini ya kisiwa, ambako basi la watalii halisimami. Upande huu palikuwa na mji mwingine, ambao Wareno waliuita Tuaca, makao ya Wakilindini, mmoja wa Miji Mitatu katika Thenashara Taifa za Mombasa. Pana mnara wa matumbawe, mtupu ndani, ambao tayari umeonyeshwa katika ramani ya Kireno ya mwaka 1728, na kando yake pana msikiti ambao asili yake ni karne ya kumi na tano. Hapana jiwe la nahodha lenye majisifu, wala mtu wa kukueleza. Kwa muda mrefu watu wamekuwa wakija hapo na nadhiri zao, wakamwomba Mungu wanalolihitaji.

Mwaka uliofuata nilimpeleka huko kijana yule peke yake. Chini ya mnara tulikuta chupa ya marashi, na chetezo ambacho makaa yake yalikuwa hayajapoa.